Mbele ya Kujenga Pompi ya Maji Machafu, Tuulize



Siku moja wakati wa mvua, baba mmoja wa timu ya usiku alipita kwenye dispanseri mbele ya kurudi nyumbani. Hakuwa mgonjwa. Mkononi alikuwa na karatasi yenye sahihi nyingi. Alisema: «Munganga, komini inataka kujenga pompi ya maji machafu kule bondeni, nyuma ya nyumba zetu. Watatuletea mavi ya kartie nzima. Tumekataa. Tia sahihi yako nawe.»

Nilimwomba aketi. Baba huyu kazi yake ni pompi. Kwa miaka mingi yeye ndiye anayelinda pompi zinazotoa maji chini ya mgodi, kusudi wenzake wachimbe bila hatari ya kuzama. Nilimwuliza: «Kule chini, pompi moja ikisimama, unafanya nini?» Akajibu bila kuwaza: «Ninawasha ya pili.» «Na umeme ukikatika?» «Mashini ya mazuti inashika kazi.» «Na maji yakizidi kupanda?» «Kengele inalia, ninaita kapita, watu wanatoka.»

Nikamwambia: «Baba, maulizo hayo matatu ndiyo komini inapashwa kukujibu. Mbele ya kukataa, na mbele ya kukubali, nenda ukaulize.»

Somo letu la leo ni hilo. Komini nyingi zinakua, nyumba zinaongezeka, na maji machafu yanaongezeka pamoja nazo. Pengine kesho tangazo la namna hii litabandikwa kwenye mlango wa ofisi ya komini yako. Ni vizuri ujue kitu kile ni nini, na ujue haki yako ya kusema.

1. KWA NINI MAJI MACHAFU YANATAKA POMPI?

Maji hayapandi mlima. Yanafuata mteremko. Maji ya choo, ya jikoni na ya kufulia yanatoka katika nyumba, yanaingia katika bomba, na bomba linateremka polepole. Lakini mahali ambapo nchi ni tambarare, bomba linaloteremka kila wakati linaingia chini sana, na halifiki tena mahali pa kusafishia maji. Hapo inapashwa kuyainua.

Kituo cha pompi kina sehemu ambazo mfanyakazi wa mgodi anazijua. Kuna shimo la kupokea maji. Kuna chujio cha chuma cha kuzuia vitambaa, plastiki na vijiti. Kuna pompi, mara nyingi mbili: moja inafanya kazi, nyingine inangoja. Kuna boya linaloelea. Maji yakipanda linawasha pompi, yakishuka linaizima. Kuna bomba la kusukumia, na klapeti ya kuzuia maji yasirudi nyuma.

Ushike neno hili: pompi haisafishi maji. Pompi inayahamisha tu. Maji yaliyoingia na mdudu wa ugonjwa yatatoka na mdudu yule yule. Basi ukisikia mtu anasema «watajenga pompi, magonjwa yataisha», umwulize: «Pompi inayapeleka wapi?»

2. UBAYA ULIO NDANI YA MAJI HAYA

Katika mavi ya mtu mgonjwa kuna mdudu wa kolera, wa tifoidi, wa kuhara damu, na mayai ya minyoo. Mdudu wa kolera hapiti katika hewa. Anapita katika njia moja: kutoka mavi ya mtu mmoja mpaka mdomo wa mtu mwingine, kwa njia ya maji, mikono, chakula au nzi. Mgonjwa wa kolera asiyetunzwa anaweza kufa kwa saa chache tu, sababu maji yote ya mwili yanamtoka.

Wenyeji wa Katanga hawahitaji kufundishwa jina la kolera. Mwanzo wa mwaka 2008 ilishika Likasi na Lubumbashi, na wengi wetu tunakumbuka.

Mimi mwenyewe, mvua moja, nilipokea watoto saba wa avenyu moja kwa siku tatu. Wote walihara. Niliwauliza mama zao: «Maji ya kunywa mnateka wapi?» Robine ilikuwa kavu tangu wiki moja, na wote walikuwa wameteka katika kisima kimoja, chini ya avenyu. Nilikwenda kuona. Mfereji wa maji machafu ulikuwa umeziba kwa mchanga na plastiki, maji yake yalikuwa yamefurika, na mkondo mdogo, upana wa kiganja, ulikuwa unaingia kisimani. Watoto sita walipona. Wa saba, msichana wa miaka miwili, alifika usiku, amekwisha kukauka. Hatukuweza.

Sikuandika habari hii kusudi nitie watu woga. Ninaandika kusudi tuelewe kwamba kukataa pompi hakuondoi maji machafu. Maji yale yapo tayari. Yanapita mahali fulani leo hii. Ulizo ni moja: yatapita katika bomba, ao katika kisima cha watoto?

3. TUFANYE HESABU PAMOJA

Tuseme kartie ina nyumba 500, kila nyumba ina watu 6, na kila mtu anamwaga lita 60 kwa siku. 500 mara 6 mara 60 ni lita 180,000 kwa siku. Tukigawanya kwa saa 24, ni lita 7,500 kwa saa.

Sasa tuseme shimo la pompi linabeba lita 15,000. Pompi ikisimama, shimo linajaa kwa saa 2. Asubuhi, wakati watu wote wanaoga na kufua, maji yanaweza kuwa mara tatu: basi linajaa kwa dakika 40.

Umeme ukikatika saa 8, maji yanayoingia ni lita 60,000. Toa lita 15,000 zinazobaki shimoni. Lita 45,000 zinamwagika nje. Ukiyatia ndani ya mapipa ya lita 200, ni mapipa 225 ya maji ya choo, chini ya avenyu, usiku mmoja. Na hatujahesabu maji ya mvua yanayoingia katika bomba zilizopasuka.

Hesabu hii ni mfano tu. Hesabu za kwenu zitakuwa nyingine. Lakini njia ya kuhesabu ni ile ile, na mtoto wa sekondari anaweza kuifanya kwenye meza ya nyumbani.

4. MFANO WA MJI WA LONDON

Jambo hili si jipya. Katika karne ya 19, maji machafu ya London, mji mkubwa wa Uingereza, yalianguka katika mto Thames, na wenyeji wengi walikunywa maji ya mto ule ule. Kolera iliua maelfu ya watu mwaka 1849, ikarudi mwaka 1854.

Mwaka 1856 enjenia Joseph Bazalgette alipeleka mpango wake mbele ya baraza la mji: mifereji mikubwa ikusanye maji machafu, iyapeleke mashariki mbali na mji, na pompi za mvuke ziyainue mahali ambapo mteremko hautoshi. Baraza na Serikali walibishana miaka miwili. Mabishano makubwa yalikuwa juu ya mambo mawili: maji yamwagwe mahali gani, na nani atalipa. Wakati wa joto la mwaka 1858 mto ulinuka vibaya mno hata wabunge walishindwa kuvumilia ndani ya nyumba yao. Katika Agosti ya mwaka ule sheria ilipita, na kazi ikaanza.

Pompi ya Crossness ilifunguliwa mwaka 1865. Pompi ya Abbey Mills, upande wa mashariki, ilikuwa bado. Mwaka 1866 kolera ikarudi. Ilishika zaidi upande ule wa mashariki, mahali ambapo kazi haikuwa imemalizika na maji ya kunywa yalichafuka. Zaidi ya watu 5,000 walikufa. Sehemu zilizokwisha kuunganishwa na mifereji mipya ziliponyoka kwa sehemu kubwa. Abbey Mills ilifunguliwa mwaka 1868.

Lakini habari haikuishia hapo. Maji yale yalimwagwa mtoni bila kusafishwa. Mwaka 1878 meli ya abiria Princess Alice iligongwa na kuzama karibu na mahali pa kumwagia, na zaidi ya watu 600 walikufa ndani ya maji yaliyojaa uchafu. Katika miaka ya 1880 ndipo walianza kutenga tope kabla ya kumwaga maji.

Tunajifunza mambo mawili. Moja: kuchelewesha kunaua watu. Mbili: ulizo lisilojibiwa mbele ya kujenga linarudi kudai jibu nyuma ya kujenga, na wakati huo bei yake ni kubwa zaidi.

5. SHERIA INASEMA NINI?

Katika inchi yetu, Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya ulinzi wa mazingira inaagiza kwamba kazi kubwa inayoweza kuharibu mazingira ifanyiwe kwanza uchunguzi wa matokeo yake, na kwamba raia waulizwe mbele ya kazi kuanza. Maulizo hayo ya raia kwa Kifaransa yanaitwa «ankete piblike». Kusudi lake ni tatu:

– kuwajulisha watu wote, zaidi sana wenyeji wa mahali pale, kazi gani inatakiwa kufanywa;
– kujua nani ana haki juu ya mahali pale, kwa mfano shamba, nyumba ao kisima;
– kukusanya mawazo ya raia, hata yale yanayopinga, na mashauri yao.

Tena, Sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 inapatia komini baraza lake na wakubwa wake, wakiongozwa na burugumesta. Katika Desemba 2023 komini kadhaa zilichagua kwa kura wajumbe wa baraza hilo. Kama komini yenu inao, mjumbe yule ni mtu wenu. Mtafuteni.

Angalia vizuri: ankete si mkutano wa kupiga makofi, wala si mahali pa kutukanana. Ni mahali pa maulizo na majibu, na majibu yanapashwa kuandikwa. Neno la mdomo linakwenda na upepo. Omba kuona karatasi ya uchunguzi. Kama imeandikwa kwa Kifaransa kigumu, omba mwalimu wa shule ao kijana aliyesoma awasomee wote kwa Kiswahili, chini ya mti, mbele ya siku ya mkutano.

6. MAULIZO SABA YA KUPELEKA KOMINI

Yakate, yabandike ukutani, ao uyaandike katika daftari.

Ulizo la 1. Pompi ni ngapi? Moja peke yake haitoshi. Ikiharibika, hakuna ya kuishika mkono.

Ulizo la 2. Umeme ukikatika, nini itazungusha pompi? Kama ni mashini ya mazuti, nani atanunua mazuti, na yatawekwa wapi yasiibwe?

Ulizo la 3. Shimo likijaa, maji ya ziada yatapita wapi? Kila kituo kina mahali ambapo maji yatafurikia. Kama enjenia hakupachagua, maji yatapachagua yenyewe. Omba waonyeshe kwa kidole, pale pale bondeni.

Ulizo la 4. Visima viko umbali gani? Kwa choo cha shimo, waganga tunashauri mita 30 ao zaidi kati ya choo na kisima. Kituo cha pompi kinabeba uchafu wa nyumba mamia. Basi visima vya chini yake vihesabiwe kimoja kimoja, na watu wa visima hivyo wapewe robine kwanza.

Ulizo la 5. Mwisho wa bomba ni wapi? Kwenye mabwawa ya kusafishia, ao mtoni tu? Na chini ya mto ule wanakaa nani? Tusitoe ugonjwa mlangoni kwetu na kuupeleka mlangoni kwa mwenzetu.

Ulizo la 6. Nani atasafisha chujio, na mara ngapi? Chujio kikiziba, pompi inazunguka bure. Uchafu unaotolewa utazikwa wapi? Mfanyakazi yule atapewa glavu, buti na sabuni?

Ulizo la 7. Feza ya mwaka wa pili itatoka wapi? Kujenga kunapata feza ya sherehe. Kutengeneza hakuna sherehe. Omba kuona jina la ofisi itakayolipa, na cheo cha mtu tutakayemwita usiku kengele ikilia.

Juu ya harufu, watu wengi wanauliza. Ni ulizo la haki. Harufu inazidi maji yakilala muda mrefu shimoni. Shimo lenye kifuniko kizuri, bomba refu la kutoa hewa, na pompi inayozunguka mara kwa mara, linanuka kidogo. Shimo linalonuka sana linakuambia kwamba pompi haifanyi kazi yake.

7. SHIMO HILI LINAUA: USIINGIE

Sehemu hii ni kwa baba wote, zaidi sana wenye moyo wa kusaidia.

Maji machafu yakioza yanatoa gazi yenye harufu ya yai bovu. Ni nzito kuliko hewa, inalala chini shimoni. Kwanza pua inaisikia. Lakini ikifika sehemu 100 kwa milioni ya hewa, pua inachoka, haisikii tena, na mtu anafikiri hatari imekwisha. Ikipita sehemu 500, mtu anaanguka kwa dakika chache. Pamoja nayo kuna gazi nyingine inayoshika moto. Basi sigara na kibiriti vibaki mbali.

Mara nyingi ajali inakwenda hivi: mmoja anashuka kutoa kitambaa kilichoziba pompi, anaanguka. Wa pili anaruka kumwokoa, anaanguka. Wa tatu vile vile. Familia tatu zinalia kwa sababu ya kitambaa kimoja.

Amri ni zile zile za mgodini:

– Asiingie mtu asiyefundishwa kazi hiyo.
– Hewa ipimwe kwa chombo, si kwa pua, na ibadilishwe kwa mashini mbele ya kushuka.
– Anayeshuka avae mkanda wa usalama wenye kamba. Mwenzake abaki juu, asiondoke.
– Akianguka, avutwe kwa kamba. Asifuatwe mtu bila chombo cha kupumulia.
– Kifuniko kifungwe kwa kufuli, na uzio uzuie watoto.

Na sisi nyumbani tuna kazi yetu. Vitambaa, nepi za watoto, plastiki na mifupa visitupwe chooni. Mafuta ya kukaanga yasimwagwe katika mfereji. Yakipoa yanashikamana kama sabuni na kuziba bomba. Kitambaa ambacho mama hakukitupa, hakuna baba atakayekifuata shimoni.

Mpaka siku maji safi yatakapofika kila nyumba, tuendelee kuchemsha maji ya kunywa, tunawe mikono kwa sabuni tukitoka chooni na mbele ya kula, na mtoto anayehara aletwe dispanseri mchana, asingojewe usiku.

8. BABA YULE ALIFANYA NINI?

Hakuchana karatasi yake. Aliigeuza, na nyuma yake akaandika maulizo. Siku ya mkutano alivaa koti lake la Jumapili, akasimama mbele ya burugumesta na maenjenia, akasoma moja moja, kama anavyosoma vipimo vyake vya kila zamu.

Juu ya pompi mbili, walijibu ndiyo, na wakaonyesha kwenye mchoro. Juu ya mashini ya mazuti, mchoro ulinyamaza. Waliandika ulizo lake. Juu ya maji ya kufurika, enjenia mmoja alionyesha mstari uliopita karibu na kile kisima ninachokijua mimi. Hapo mama mmoja alisimama. Alikuwa mama wa msichana yule. Alisema tu: «Hapana, hapo hapana.» Baraza lilikaa kimya. Mstari ule ulitiwa alama nyekundu, na maenjenia waliombwa kuleta mchoro mwingine.

Shauri halijaisha. Mchoro wa pili haujafika. Baba yule anapita kwenye ofisi ya komini kila mwisho wa zamu yake ya wiki, anauliza, anaandika tarehe na jibu katika daftari, kisha anakwenda kulala. Kisima kimefunikwa, na robine moja imewekwa juu ya avenyu.

Ndugu msomaji, wewe unajua pompi. Unajua kamba, hewa mbaya, na kengele. Usiache ujuzi huo mlangoni mwa mgodi. Siku komini itakapowaita, nenda, na umchukue mama wa nyumba pamoja nawe, sababu yeye ndiye anayejua watoto wanateka maji wapi.

Kinga ni bora kuliko tiba.